Kukanda Mguu Mzima: Plasta Katika Joto la Bondeni

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Vwawa, nilifika mapema mno nikakaa kwenye benchi la wagonjwa, kwa sababu sikuwa na hakika kama mfanyakazi mpya anaruhusiwa kukaa na wafanyakazi. Muuguzi akanipa namba. Nilipoitwa ndani, mgonjwa wa nne, ndipo nikaeleza kwamba mimi ndiye mtaalamu mpya wa mazoezi ya viungo, mwenye shahada, wa mkataba wa miaka miwili. Mkuu wa Idara, mama mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara kuu, alicheka hadi akavua miwani.

"Haya, mgonjwa wa nne, nawa mikono."

Naandika haya kwa ajili yenu mnaomaliza chuo. Nyumbani Tunduma majirani wananiita Mstaafu, maana mkataba wangu umekwisha nikiwa na miaka ishirini na saba. "Mulishani, Mstaafu!" wananisalimu kwa lugha ya nyumbani wakielekea mpakani. Waite tu. Mstaafu ana haki ya kusimulia kazi yake.

Vwawa nilipangiwa chumba cha plasta, kwa kuwa watumishi walikuwa wachache. Kwanza mguu unavalishwa soksi ya pamba iliyo wazi kwenye vidole. Kisha unazungushiwa pamba laini, zaidi penye mfupa uliojitokeza. Ndipo bandeji ya plasta, ambayo wagonjwa huiita hogo, inachovywa kwenye maji, inakamuliwa kidogo na kuzungushwa. Inapoganda hutoa joto lake yenyewe, na mgonjwa asipoambiwa mapema hudhani anaunguzwa. Una dakika chache tu. Mimi dakika hizo nilizitumia kujiuliza kama nimeanzia upande sahihi.

"Kijana," Mkuu wa Idara aliniambia, "unafunga plasta au unaiombea?"

"Nahakikisha, mama."

"Hakikisha huku mikono inatembea."

Alinifundisha kutazama vidole kila mara: rangi yake, joto lake, kama vinacheza, kama vinahisi ukivigusa. Ukishaufunika mguu, vidole ndivyo vinavyobaki kukupa habari. Kisha mgonjwa anapewa kadi: usilowanishe, usiingize kitu ndani, usikate, rudi baada ya wiki sita. Vwawa kuna baridi. Mwezi wa sita kuna wagonjwa waliofurahia plasta kama soksi nzito, na kadi ile ilitosha.

Baadaye nilihamishiwa Mlowo kwa miezi michache, nikafunga mikono na miguu ya waendesha bodaboda. Halafu nikapelekwa bondeni Momba, kituo kimoja cha afya mbele ya Msangano. Huko mwezi wa kumi bati linalia kwa joto na hata mbwa hatafuti ugomvi mchana. Plasta za bondeni hazikufika wiki sita. Zilirudi zimekatwa kwa panga, zimelainika kama ugali wa jana, nyingine hazikurudi kabisa. Mganga Mfawidhi, mkuu wa kituo, alikuwa na maneno yake kwa wote: "Hakufuata maelekezo." Alinitaka niyaandike hivyo kwenye faili, na mimi nikayaandika. Mara ngapi, sipendi kukumbuka.

Ndipo akaletwa Mama Kulwa. Alikuwa wa familia ya wafugaji, ameanguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe akishusha madumu ya maji. Mfupa mwembamba juu ya kifundo ulikuwa na ufa, lakini ulikuwa umekaa mahali pake. Ukitulia wiki sita, utaunga sawa. Usipotulia, utaunga upande. Nilimweleza hivyo.

"Mvua inaanza lini?" aliniuliza.

"Labda baada ya wiki sita, saba."

"Basi mvua ikianguka nataka niwe nimesimama. Mpunga haupandwi na mtu aliyekaa."

Siku ya tano alirudi, na plasta ilikuwa imelainika kisigino chote. Pembeni yake alisimama mama mkwe wake, ambaye kila mtu alimwita Bibi, amejishika kiuno.

"Shikamoo Bibi. Plasta imelowa?"

"Marahaba. Haijalowa. Nimemkanda."

Alikuwa amemkanda kwa maji ya moto na chumvi, asubuhi na jioni, juu ya plasta. Hakuwa amefanya ubaya. Mtu akiumia, wa kwake wanamkanda; mkwe asiyemkanda mke wa mwanawe atasemwa kisimani. Kadi yangu haikuwa na neno hata moja juu ya hilo. Niliwaza na kuwazua pale pale. Nikimkataza, atakanda kwa siri. Nikinyamaza, mguu utapinda. Nilifunga plasta mpya huku Mganga Mfawidhi akitazama mlangoni.

"Bandeji hizi si za kuchezea," alisema. "Ya tatu hakuna."

Alipoondoka nikamgeukia Bibi. "Bibi, kukanda usiache. Ila kanda mguu mzima, ule usioumia, kwa maji ya baridi."

"Mguu mzima una kosa gani?"

"Hauna kosa. Ule uliofungwa ukiwasha, mkune pale pale kwenye mguu mzima, mwasho unapungua. Na mwili ukipoa, mguu uliofungwa nao unapata nafuu. Mkande shingo, mikono, mgongo. Plasta ndiyo usiiguse kwa maji."

Bibi alimtazama mkwewe. "Huyu daktari wenu amesoma mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho, mama," Mama Kulwa alijibu. "Ndiyo maana anaongea hivyo."

Lakini walifanya. Niliongeza mengine, na ninyi yaandikeni: mguu uinuliwe juu ya mto kupita kifua, blanketi wanazoleta wageni zikae pembeni, plasta ipepewe kwa upepeo, isisogezwe jikoni wala juani, vidole vifutwe kwa kitambaa kilichokamuliwa, visimwagiwe maji. Mganga Mfawidhi aliposikia habari ya mguu mzima aliniuliza mbele ya wauguzi, "Wewe ni mtaalamu au mganga wa kienyeji?" Nikaendelea kukunja bandeji. Jibu zuri lilinijia baada ya siku mbili, kama kawaida yangu.

Wiki ya nne mkokoteni ulisimama tena kituoni. Mume wa Mama Kulwa alikuwa na panga kwenye mkanda.

"Daktari, leo hii kitu inatoka. Utoe wewe au nitoe mimi."

"Joto?" nikamuuliza mkewe.

"Joto nimelizoea. Hapa panaungua." Akaweka kidole kimoja nyuma, juu ya kisigino. Hakukisogeza.

Joto humsumbua mtu mguu wote. Anayeonyesha mahali pamoja kwa kidole ana kidonda chini. Hilo nilifundishwa, na vidole vyake, ingawa vilicheza vizuri, havikuweza kuniambia kilichokuwa kisiginoni. Nikaenda kwa Mganga Mfawidhi kuomba kufungua.

"Ni joto. Wiki sita hazijaisha."

"Anaonyesha mahali pamoja, mkuu."

"Wote wanaonyesha mahali. Ukifungua, mguu ukapinda, ni juu yako. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Nilirudi nikiwa na sababu nyingi za kusubiri. Mkataba ulibakiwa na miezi mitatu. Labda kweli ni joto. Labda nitakata vibaya, msumeno wa plasta haukuwa na umeme. Kisha nikamwona mume ameshika mpini wa panga, nikajua kwamba nikisema subirini, plasta ile haitafika nyumbani.

Nikachukua kisu cha plasta na mkasi, nikakata dirisha. Hilo ni tundu la mraba linalokatwa juu ya mahali panapouma, ili mguu wote ubaki umefungwa. Kifuniko kilipotoka harufu ikatujia. Ndani kulikuwa na kipande cha bua la mtama, urefu wa kucha. Alikuwa amejikunia, bua likavunjika, akaona haya kusema. Kidonda kilikuwa kichanga. Siku chache mbele kingekuwa habari nyingine.

"Kumbe," Bibi alisema. "Na mguu mzima ninao hapa, namkuna kila siku!"

"Kule hukufika, mama," Mama Kulwa alijibu, akicheka huku machozi yakimtoka.

Nilisafisha, nikaweka dawa na chachi, nikarudisha kifuniko mahali pake na kukifunga kwa bandeji. Dirisha lisipofungwa, nyama huvimba na kutokea humo. Mume alilipeleka panga mkokotenini. Walikuja kila baada ya siku mbili, nami nilifungua, nikasafisha, nikafunga.

Mganga Mfawidhi alidai barua ya maelezo kwa nini nilifungua, nikaiandika. Wiki ya sita nilikata plasta yote. Mguu ulitoka mwembamba, ngozi inabanduka, na umenyooka. Mama Kulwa alisimama, akanishika bega, akaniachia. Hatua ya nne ilimfikisha mlangoni. Nje mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye mitende.

Mkataba wangu haukuongezwa. Sijaambiwa sababu, na nimezichambua zote zinazowezekana hadi mama yangu akanikataza kuzitaja mezani. Lakini nawaambia ninyi mnaoanza: mkipewa kadi, isomeni, halafu mkae na mgonjwa chini ya bati lake saa nane mchana mwone kama kadi inaweza kuishi pale. Na mkubwa akisema ni joto tu, mwangalieni mgonjwa ameweka kidole wapi.

Juzi nilikuwa kwenye usaili. Mwenyekiti wa jopo alisoma barua yangu ya maelezo, akaniuliza kama, nikipewa amri ile ile na mkuu wa kituo, ningefungua tena. Zamani ningepima kwanza anataka kusikia nini. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza swali.

Hawajanipigia simu. Jibu ni lile lile.