Nilivyomwombea Bahati wa Pasta

Wanafunzi wangu wa zamani wa Rutshuru walikuja kunisalimu hapa Keshero, na mimi, muzee niliyestaafu na macho kufifia, nikajiona niko tena mbele ya darasa. Niliwasimulia habari zangu zote: vita ilivyotufukuza kule, volkano ilivyokula nyumba yangu ya Goma, nilivyomzika mke wangu. Walilia, nami nikanogewa. Nikawaambia tusimame tuwaombee wenzao waliokufa.

Wakati wa kukimbia nilikuwa nimesikia kwamba mtoto mmoja wa pasta wetu ameuawa kule Kalengera. Niliamini ni Bahati, kwa kuwa kati ya watoto wa pasta niliowafundisha ndiye niliyempenda. Basi nikamwombea kwa jina, nikamsifu hata akili yake ya hesabu.

Hakuna aliyeitikia amina. Mwanaume aliyenishika mkono nisianguke akasema polepole, "Mwalimu, Bahati ni mimi. Mwenye alikufa ni mudogo wangu, Heri. Ulimufundisha na yeye, miaka mbili."

Nikautafuta uso wa Heri kichwani, haukuja. Wote walikuwa bado wamesimama, wakingoja nimwombee.