Rejeta ya Marehemu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, au huenda zilikuwa siku mbili ambazo kichwa changu kimezishona zikawa moja, wanaume watatu walikaa barazani kwetu pale Ujiji wakipanga safari ya Kasulu. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimeolewa. Kazi yangu ilikuwa kumimina kahawa na kusikiliza bila kuonekana ninasikiliza. Nitakayokueleza niliyasikia kwa masikio haya, na penye shaka nitakwambia kuna shaka.

Nimeyaandika kwa sababu juzi nawe ulikaa na wenzako, simu mikononi, mkipanga safari hiyohiyo. Nikamsikia mmoja wenu akisema, "Lile lori la mzee wa Katubuka limelala tu, mwenyewe mgonjwa. Tukang'oe difu yake tuifunge kwenye letu." Kusema papo kwa papo sijakuweza tangu ujana. Mimi huandika kwanza, kisha nikajiuliza kama nilichoandika ni haki.

Unajua mwenyewe kwamba kila mwaka, mavuno yakishaingia ndani, wenye malori ya zamani hukutana Kasulu. Malori ya pua ndefu, yale ya kuwashwa kwa kuzungusha chuma mbele. Watu hufungua boneti, husifiana, hutukanana kwa mapenzi. Sharti ni lori liingie uwanjani kwa moto wake lenyewe, lisivutwe wala lisibebwe. Na ipo mila ambayo ninyi naona mnaipita juujuu. Mwenye lori akifariki, mkutano wa kwanza baada ya kifo chake, lori lake ndilo hutangulia kuingia. Hufika katikati likapigwa honi, na mengine yote yakajibu. Hapo ndipo tanga la mwenye lori huhesabiwa limeanuliwa. Ni mkutano huo wa kwanza tu. Ukipita umepita.

Aliyekuwa amefariki mwaka huo ni Mzee Saidi wa Buzebazeba. Aliugua muda mrefu, upande mmoja wa mwili umelala, na lori lake likalala naye nyuma ya nyumba. Kuku walitagia kwenye kiti cha dereva. Rafiki zake walikuwa hao watatu. Mmoja ni mume wangu, Bakari. Wa pili Gervasi, Mha, mtoto wa wakulima, aliyebeba maharage kuyaleta mjini. Wa tatu Papa Lwamba, ambaye wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo, naye alibeba dagaa kutoka Kibirizi.

Kila mwaka safari ilipokaribia, mmoja wao alikuwa na ubovu wake. Humwendea Mzee Saidi kitandani: "Rejeta yangu imetoboka, kaka, niazime yako." Naye hujibu, "Kachukue. Nikipona utanirudishia." Hivyo rejeta ikaja kwenye lori letu, pampu ya dizeli ikaenda kwa Gervasi, springi za nyuma pamoja na honi zikaenda kwa Papa Lwamba. Hapakuwa na wizi. Naliweka hili wazi kwa sababu baadaye watu wa mtaani walilisimulia kana kwamba waliiba. Waliomba wakapewa, na hakuna aliyerudi kutoka Kasulu bila kumpitishia mgonjwa mfuko wa maharage. Ila Mzee Saidi hakupona.

Basi siku hiyo barazani walikuwa wanagawana mambo ya safari, nani abebe maji, nani abebe sufuria, huku wakichokozana.

"Bakari, wewe beba maji," alisema Gervasi. "Lori lako linakunywa kuliko wewe."

"Afadhali langu linakunywa. Lako linavuta sigara. Mwaka jana nyuma yako hatukuiona Mwandiga tulipoipita, tuliinusa."

Papa Lwamba alikuwa anacheka bado Mama Tausi alipopiga hodi. Ndiye mjane wa Mzee Saidi, siku si nyingi ametoka eda. Wanaume walisimama wakampa kiti. Akakipita, akakaa mkekani karibu yangu.

"Shemeji zangu, nasikia mnakwenda Kasulu."

"Tunakwenda, Mungu akijalia," akasema mume wangu.

"Nami nakwenda. Nataka lori la Saidi liingie uwanjani."

Gervasi alikitazama kikombe chake kama mtu aliyeona mdudu ndani. Mume wangu akakohoa.

"Shemeji, lori lile halina rejeta."

"Najua. Iko kwako."

"Wala pampu."

"Iko kwa shemeji Gervasi. Springi na honi ziko kwa Papa Lwamba. Zilipofunguliwa nilikuwepo. Mimi ndiye niliyewapa sabuni ya kunawa grisi."

Hakuna aliyekana. Gervasi ndiye aliyejibu, na naomba umsikilize vizuri, maana maneno yake hayakuwa ya kijinga. Alisema, "Shemeji, tukirudisha vyote, malori matatu yanalala ili moja liamke, na hayo matatu ni majiko matatu. Watoto wetu wanakula humo. Tuache twende nayo. Tukifika tutalitaja jina la kaka, tutampigia honi sisi wenyewe. Mwakani tutakaa na lori lake, tulitengeneze taratibu."

Hata leo nikiyapima naona yana uzito. Lakini Mama Tausi naye alikuwa na lake, na alilisema bila kupandisha sauti.

"Mwakani hatakuwa msiba, shemeji. Atakuwa mtu aliyekufa zamani."

Na ndipo mama mkwe wangu, Bibi Mwamvua, alipoita kutoka uani. Alikuwa anaosha madumu yake ya mawese, mikono imejaa povu, na sisi tulidhani hasikii. Kumbe! Sikio la kufa halisikii dawa, lakini la kwake lilikuwa hai kuliko yetu sote.

"Bakari! Lori lako bila rejeta linafika wapi?"

"Halifiki hata Mwandiga, mama."

"Nayo rejeta ni ya nani?"

"Ya marehemu."

"Gervasi, wewe bila pampu?"

"Hata kuwaka haliwaki, Bibi."

"Pampu ya nani?"

"Ya marehemu."

"Papa, na wewe, mzigo wako umekalia nini?"

Papa Lwamba alijikuna kichwa. "Bon, haya mama, umekalia springi za marehemu."

Akaja mpaka mlangoni, anajifuta mikono kwenye kanga. "Basi msimdanganye huyu mwanamke kwamba lori la mumewe haliwezi kwenda. Lori la Saidi linakwenda Kasulu kila mwaka. Mmelikata vipande vitatu tu. Mwenye msiba mnataka abaki Buzebazeba asikilizie honi kwa masikio ya watu? Kukopa harusi, kulipa matanga, wanangu. Na ndiyo haya matanga. Nguo ya kuazima haisitiri matako, leo yenu yako nje yote matatu."

Papa Lwamba aliangua kicheko, cha kujicheka mwenyewe. "Kweli umetuvua, mama!" Mume wangu hakucheka. Gervasi alisimama, akachukua kofia yake, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake mume wangu alifungua boneti akatoa rejeta. Akaipeleka Buzebazeba. Papa Lwamba akaleta springi na honi kwa mkokoteni, huku akiwaeleza majirani, kabla hawajauliza, kwamba amekuja kurudisha nguo. Gervasi hakuonekana. Lori la Mzee Saidi likakaa na kila kitu isipokuwa kile cha kuliwasha. Siku za safari zikasogea. Mama Tausi hakumtuma mtu kwa Gervasi wala hakwenda mwenyewe. Alikuwa anafagia chini ya lori kila asubuhi kama mtu anayefagia uwanja wa nyumba yake.

Sijui Gervasi alipigana na nini siku hizo. Mkewe aliniambia alikuwa halali, lakini mkewe alipenda kuongeza chumvi. Ninachojua ni kwamba asubuhi moja, tukiwa pale kwa Mama Tausi, alikuja kwa baiskeli, pampu imefungwa ndani ya kanga nyuma kwenye keria. Akatuamkia, "Mwakeye," kwa Kiha chake, kwetu sote kwa jumla, akaingia chini ya lori. Alitoka alipomaliza kuifunga.

Kuwaka halikuwaka. Walizungusha kile chuma kwa zamu, wakasukuma, wakakaa chini wakahema. Kuku waliofukuzwa walikuwa wanapiga kelele ukutani. Mama Tausi alisimama karibu na taa ya mbele, midomo inacheza, nadhani alikuwa anasoma dua, huenda alikuwa anahesabu tu. Papa Lwamba akalisema lori, "We mzee, amka, unatuaibisha mbele ya wanawake!" Wakazungusha tena. Likatoa moshi mweusi, likatetemeka, likaguruma. Bibi Mwamvua akapiga kigelegele, na mimi mkwe wake nikamfuata.

Tulikwenda Kasulu na lori hilo moja. Malori yetu matatu yalibaki mjini, midomo wazi. Mama Tausi alichagua nani aendeshe, na alimchagua Gervasi. Mume wangu na Papa Lwamba, waliozoea kukaa mbele na kiwiko nje, walipanda nyuma pamoja nasi wanawake, wakakalia magunia. Vilimani lilipanda kama mzee anayepanda ngazi. Tulisimama mara kwa mara kulinywesha maji. Kwenye mteremko mmoja tulipitwa na malori ya watu wa Uvinza, nao wakatupigia kelele: "Kigoma! Mwaka huu mmeleta moja? Mengine mmeyala?"

Papa Lwamba akasimama juu ya gunia. "Yote matatu yako humu, ndugu! Mkifika tutawafungulia!"

Uwanjani walitungoja. Lori likaingia peke yake, likafika katikati, Gervasi akapiga honi. Malori ya Kasulu, ya Kibondo, ya Uvinza yakajibu, moja moja, kisha yote pamoja. Watu wa Kigoma hatukuwa na honi nyingine ya kujibu. Mume wangu akaanza kupiga mbao za bodi kwa viganja. Papa Lwamba naye, na sisi sote tukapiga hivyo mpaka mikono ikawa myekundu. Mama Tausi hakulia, au alilia na sikumwona, kwa kuwa alikuwa mbele nami nilikuwa nyuma. Aliposhuka aliomba maji ya kunywa, akauliza wanawake wanapikia wapi.

Ningependa niishie hapo, lakini haitakuwa haki. Mume wangu alipata rejeta nyingine kabla ya mvua, na Papa Lwamba springi. Pampu haikupatikana. Lori la Gervasi halikuwaka tena, likauzwa chuma chakavu, naye akawa dereva wa magari ya watu. Lori la Mzee Saidi lilifanya kazi, likawasomesha watoto wake. Wapo waliosema Mama Tausi, tanga lilipokwisha, alipaswa kumrudishia Gervasi pampu. Wapo waliosema hakuwa na deni lolote. Mimi nimekaa na swali hilo miaka yote hii na sijapata upande. Nilimwuliza Gervasi mara moja, uzeeni, kama alijuta. Akasema, "Kuna siku ndiyo, kuna siku hapana." Nilimheshimu zaidi kwa jibu hilo kuliko kama angesema hapana tu.

Sasa, mwanangu, maneno yangu ni haya, na ukiyaona yana kasoro niambie. Sikukatazi kuazima. Mwambao huu wote hakuna aliyetunza lori la zamani kwa vyake peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini ukiazima kwa mtu aliyelala, jua kwamba umeazima kwa mtu asiyeweza kuja mlangoni kwako kudai. Kwa hiyo mguu wa kurudisha uwe wako. Azima mbele ya mkewe na watoto wake, ili siku akiondoka wasije kukuomba chao kwa kunyenyekea. Na usitumie cha mwenzako mpaka ukasahau njia ya kuishi bila hicho, kwa kuwa hapo hata kurudisha kwa haki kutakuvunja, kama kulivyomvunja Gervasi, mtu mwema.

Nenda Katubuka. Usitangulize spana. Nenda mikono mitupu, mwamkie mzee, kaa naye, muulize hali. Kisha muulize jambo ambalo wale watatu, kwa wema wao wote, hawakumwuliza Mzee Saidi hata mwaka mmoja, nami najua kwa kuwa mjane wake aliniambia: muulize kama naye anataka kwenda Kasulu. Akisema anataka, mtengenezee nafasi ya godoro nyuma ya lori, hata kama difu mtakosa na mtachelewa.

Mungu akushikie usukani kwenye materemko, akupe marafiki wa kuzungusha chuma nawe moto unapokataa, na asikufikishe mahali popote kwa kitu ambacho mwenyewe ameachwa nyuma. Nenda salama, mwanangu.