Kiokota Korosho Nilikibuni Mimi, Kwenye Boksi Kuna Picha ya Mjomba

Admin, nifiche jina tafadhali, maana huku kwetu Newala kila mtu ana simu na mdomo. Nina miaka thelathini na sita, watoto wawili, mume alishaenda zake. Naishi Chilangala na mama yangu kwenye mji wa mjomba, kaka yake mama. Mikorosho ni yake, nyumba tunayolala ni yake, na mimi kanilea yeye. Hilo sikatai.

Mama mgongo wake umekwishia kwenye kuokota korosho. Asiyeijua kazi hii asiseme ni nyepesi. Unainama tangu asubuhi, unanyofoa korosho kwenye bibo, lile tunda lake, unatupia kwenye ndoo, unasogea, unainama tena. Msimu mmoja alishindwa kunyooka, akarudi nyumbani kashika magoti. Nililia. Halafu nikapata hasira, na mimi nikikasirika mikono haitulii. Nikachukua kopo la maziwa, nikakata kitako, nikalifungia mpini mrefu. Pale kwenye kitako nikaweka waya, ukachubua korosho. Nikaweka kamba ya katani, ikalegea. Mwisho nikakata mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, vipande vyembamba vinavyopishana. Unagandamiza juu ya korosho, mpira unapisha, korosho inaingia, mpira unajifunga. Basi. Mama akaokota shamba zima kasimama, anacheka peke yake. "Mama Salma, una jini wewe!"

Majirani wakataka, nikawatengenezea. Bwana shamba akaona, akapiga picha, akazituma anakokujua. Mwezi haukuisha wakaja watu wa kampuni inayotengeneza vifaa vya shambani, wanaume wawili na dada mmoja.

Hapo ndipo nilipojimaliza. Kwetu mgeni mwenye jambo rasmi anaongea na mjomba, ndivyo tulivyokuta. Mjomba akavaa kanzu yake ya Idi, akatoa viti. Mimi nikaenda kuhangaikia maji ya kuwapikia wageni, na mnajua maji ya Newala yalivyo adimu. Narudi na ndoo kichwani, namkuta mjomba kashika kopo langu anawaonyesha. Yule dada akauliza, "Kwa hiyo mzee, hiki umebuni wewe?" Mjomba akanitazama. Nikajua sasa atasema ni mpwa wangu huyu hapa. Akasema, "Kimebuniwa hapahapa nyumbani kwangu." Dada akaandika.

Ikaletwa karatasi, mjomba akasaini penye mbunifu. Wakataka shahidi wa familia. Mjomba akaita, "Mama Salma, njoo utie sahihi." Nikasoma, nikaona kabisa kilichoandikwa. Jamani, nikatia! Ningemwaibishaje mbele ya wageni mtu aliyenisimamia tangu naingia unyago? Nikajiambia jina ni la ukoo, haidhuru. Haidhuru! Mjinga mimi.

Msimu uliofuata vikaingia madukani, Newala hapa mpaka Masasi. Plastiki ya kijani, vizuri kutazama, na kwenye boksi mjomba na kanzu yake anatabasamu. Mama akakijaribu. Korosho haiingii mpaka uiname uisukume kwa mkono! Kumbe wametoa mpira, wameweka plastiki ngumu. Nikamfuata mjomba, nikamuuliza mpira umekwenda wapi. Akanijibu bila wasiwasi, "Waliniuliza kwa nini mpira. Nikawaambia ndio uliokuwepo."

Ndio uliokuwepo! Nimejikata vidole wiki mbili natafuta kitu kinachopisha na kujifunga, yeye anasema ndio uliokuwepo. Hakuwahi hata kuniuliza.

Sasa kwenye foleni ya maji wanawake wa vijiji vingine wanacheka. "Kile kidude cha yule mzee, bora kuinama." Mimi nipo na ndoo yangu, nasogea na foleni. Nikisema nilibuni mimi wataniuliza mbona kibovu.

Kampuni imempigia simu mjomba. Alhamisi wanakuja, wanataka mbunifu awaeleze pa kurekebisha, akishindwa wanaacha kukitengeneza. Jana akaja kwangu. Kila siku mimi ndiye ninayewahi kumpa shikamoo, jana kanitangulia yeye kwa "Umeamkaje?" Akakaa kwenye kigoda cha mama. "Mama Salma, nifundishe. Wakiuliza hivi, nijibu nini."

Nikamwambia, "Mjomba, waambie ukweli tu."

"Nitawaambia nini watu, na picha yangu ipo kwenye boksi? Na shahidi ni wewe."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo linaloniuma. Mama naye kutoka jikoni, "Mfundishe kaka yangu. Tukifukuzwa hapa nitakwenda wapi na mgongo huu?" Mgongo uleule!

Nikimfundisha, kitakuwa chake mpaka naingia kaburini. Na nina kingine nimeanza, cha kubangulia korosho bila yale mafuta ya ganda lake kukuunguza vidole. Kipo chini ya kitanda, siwezi kukitoa hata uani, maana nacho kitapata kanzu. Nikinyamaza, kiokota korosho kinakufa na wanawake huku waendelee kuinama. Nikisema ukweli, mjomba ataaibika, na mimi ni mwongo mwenye sahihi.

Leo asubuhi mama kaniletea lile kopo langu la kwanza, mpira wake umechanika. "Nibadilishie, mwanangu, niende shamba." Nikachukua mkasi. Kuinua macho, mjomba kavuta kigoda, kakaa mbele yangu, anatazama vidole vyangu ninavyokata, na midomo yake inahesabu vipande.

Nikaweka mkasi chini, nikasema naenda chooni. Humu ndimo ninamoandikia. Mama ananiita mara ya pili sasa, jua linapanda. Ndugu zangu, niambieni upesi, nitoke nikamalizie kukata au nisitoke?