Mkono Wangu Unapoishia

Harufu ya maziwa yaliyoungua hunirudisha Machame, jikoni kwa Bibi, mwaka ule nilipokuwa darasa la tano. Maziwa yaliungua karibu kila jioni kwa sababu Bibi alinikazia macho mimi badala ya sufuria. Nilizaliwa na ugonjwa wa kudhoofika misuli. Miguu ilikwisha kustaafu, nami nilikuwa wa kiti cha magurudumu, na sasa mikono nayo ilianza kutegea. Kijiko hakikufika tena mdomoni. Nililishwa na mdogo wangu Neema, aliyelisha huku akisimulia ugomvi wa shuleni, na kila alipofika penye ngumi kijiko kiliingia puani. Krismasi ilikuwa inakaribia, binamu zangu wote wangepanda kutoka Dar, na niliona afadhali nilale njaa kuliko kulishwa mtori, supu yetu ya ndizi, mbele yao.

Hospitalini Moshi walituambia daktari wa mazoezi atanipima mikono, kisha fundi atanitengenezea meza ya kuegemeza viwiko ili nile mwenyewe. Bibi aliyasikia yote, ila alilolishika ni kupimwa, na kwake kupimwa ni mtihani, na meza ni zawadi ya atakayefaulu. Basi akanifungulia tuisheni. Kila alipomaliza kukamua ng'ombe alinikalisha jikoni: inua kikombe, shika kopo, nyoosha mikono juu kama mwalimu wa kwaya. Mikono ilipogoma tulibuni ujanja. Nilijifunza kuyumbisha mwili ili mkono urushwe juu, kisha kuupandisha kifuani kwa vidole, vikitambaa taratibu. Niliojivunia zaidi ni ule wa kuinamisha kichwa ghafla mpaka mdomo ukakifuata kikombe mezani. Bibi alipiga vigelegele, na maziwa yakamwagikia motoni.

Siku ya kipimo Bibi alivaa kitenge chake cha kanisani. Daktari, kijana mpole, alimwamkia shikamoo, akaniambia ninywe maji kwenye kikombe. Nikainama haraka, nikanywa. Nyuma yake Bibi aliinua mikono yote miwili kunisaidia, kwa bidii kiasi kwamba daktari aligeuka kuona nani anasali.

"Mkono umebaki mezani," akaniambia. "Kilichotembea ni kichwa."

"Lakini si amekunywa?" Bibi akadakia. "Amefaulu au hakufaulu?"

"Bibi, hapa hakuna kufaulu. Natafuta mkono wake unapoishia, ili fundi ajue meza ianzie wapi. Akinidanganya, meza itamfaa mtoto mwingine."

Bibi aliishusha mikono yake. Kisha akasema kwa sauti ileile ya jikoni, "Basi shindwa, mjukuu wangu. Shindwa vizuri."

Ni kazi ngumu kushindwa vizuri wakati umefundishwa kuiba mtihani. Nilikaa wima, nikauinua mkono peke yake. Ulifika chini kidogo ya kifua, ukatetemeka, ukaanguka. Bibi hakuwahi kuuona bila ujanja wetu, wala mimi. Niliona aibu, halafu nikauona uso wake, aibu yangu ikaniisha. Alikuwa analia waziwazi, huku akimgombeza daktari kwamba kikombe cha hospitali ni kizito mno.

Meza ilifika kabla ya Krismasi. Nilikula mtori mwenyewe mbele ya binamu zangu, nusu mdomoni na nusu kwenye shati jipya, na hakuna aliyethubutu kucheka kwa sababu Bibi alisimama nyuma yangu na mwiko. Sasa Bibi hayupo, na ninamkumbuka sana. Mimi ni mtu mzima, bado napimwa, na kila mara mkono unaishia chini zaidi. Meza hainisaidii tena, nalishwa. Zamani nilidhani siku hiyo ikifika nitakufa kwa aibu. Sikufa. Mke wangu hunilisha, nami nikimwambia subiri, anasubiri, kijiko hewani, mpaka nimalize kubishana naye.