Siku Niliyokuwa Bridgetown Bila Kutoka Kibokoni

Afadhali niisimulie mwenyewe, maana habari inayozunguka mtaani inasema kikoi kilianguka chote, na hilo si kweli, kililegea tu (nilikidaka kwa mkono wa kushoto, mashahidi wapo). Yaliyobaki ni kweli na ni ya aibu. Na kikoi, niwaambie mapema, sicho kinachoniuma hadi leo.

Kazi yangu mnaijua. Nakaa kibarazani kwetu Kibokoni, hapa Mombasa, laptop mapajani, nikiandika makala za mtandaoni, mambo ya kufanya mji huu, mambo ya kufanya mji ule, na wasomaji wangu wakubwa ni wale watu wanaofanya kazi popote palipo na intaneti, leo yuko kisiwa hiki, mwezi ujao ameshahamia kingine. Mama yangu, Bi Zuhura, huwaambia majirani kwamba mwanawe huwaonyesha Wazungu njia. Nilikuwa nimeshaandika miji mingi bila kukanyaga hata mmoja, kwa ramani na picha na kurasa za wenzangu (ambao nashuku nao hawakufika), na sikuona ubaya, kwa kuwa sikusema popote kwamba nimefika.

Mpaka ikaja Bridgetown, kule Barbados, katika visiwa vya Karibiani. Mhariri wangu, mama mmoja mpole aitwaye Ingrid, alitaka mambo kumi na mawili ya kufanya pale kwa hao watu wa laptop, nami nikaandika wapi wakaogelee kabla ya kazi, wapi wale samaki, wapi wakae na kompyuta zao bila kufukuzwa. Nikaisoma, ikawa kavu kama mkate wa juzi. Ndipo nikaongeza sentensi moja, moja tu: "Nayaandika haya nimekaa kwenye kibaraza cha mawe mbele ya nyumba yangu, na kila apitaye ananisalimu." Kibaraza kilikuwa chetu na salamu zilikuwa zetu, nilichobadilisha ni mji. Wasomaji wakaipenda sentensi ile kuliko makala nzima, hakuna aliyeuliza habari za intaneti, wote wakawa wanamwuliza Ingrid kuhusu yule mtu wa kibarazani.

Ingrid akaniandikia kwamba anataka nizungumze nao kwa video, moja kwa moja, nimekaa hapo hapo, na mambo yakienda vizuri nitakuwa mtu wao wa kudumu wa Karibiani. Wa kudumu, jamani, baada ya miaka yote ya kuokota makala moja moja. Nilikuwa na siku nne za kusema ukweli, nami nikazitumia kutafuta kofia ya ukili.

Saa nilizipanga kwa akili nyingi. Saa kumi alasiri kwetu ni saa tatu asubuhi kwao, na jua ukilitazama harakaharaka ni lile lile. Adhana nikaipigia hesabu pia, kwamba Alasiri itakuwa imeshaadhiniwa na Magharibi bado iko mbali, kwa hiyo hakuna sauti ya kunifichua. Nilichosahau, mimi mtoto niliyezaliwa Kibokoni, ni kwamba baada ya adhana kuna sala, na baada ya sala watu hutoka msikitini wakarudi makwao kwa kichochoro kile kile. (Ningekuwa nimekwenda kusali nisingesahau. Mama ameshanieleza hilo, hamna haja ya kurudia.)

Mlango wetu wa nakshi nikaufunika kwa shuka ya manjano. Juu nikavaa shati la maua, chini nikabaki na kikoi, kwa kuwa kamera ya simu niliyoitega kwenye kigoda chake cha miguu mitatu, kile cha kushikia simu, ilinikata kifuani. Mama alichungulia dirishani akanitazama kutoka kofia mpaka magotini.

"Weye leo wauza nini?" akaniuliza.

Nikamwomba asitoke kwa saa nzima, wala asimwite wala kumjibu mtu, akafunga dirisha.

Sasa niwaeleze habari za Maalim Twalib. Nyumba yake ni ya pili kutoka yetu, na nusu ya mtaa huu alitusomesha yeye. Presha ya macho imemla kidogo kidogo hadi sasa anachokiona ni mwanga tu, lakini ni mkali, ukimshika mkono kumwongoza atakuuliza nani aliyekwambia amekuwa mtoto. Njia yake ya kutembea ni salamu. Kila kibaraza anakipa salamu, na sauti inayomjibu ndiyo inayomwambia amefika wapi. Akijibiwa na mimi au Mama, anahesabu hatua tisa, anainua mguu, yuko mlangoni kwake. Hakuna aliyelipanga jambo hilo, hata sidhani aliwahi kulizungumza na mtu, sote tulijua tu kwamba Maalim akitoa salamu anajibiwa kwa sauti.

Basi mazungumzo yakaanza, na yakaenda vizuri kupita nilivyoomba. Nyuso zimejaa kwenye kioo cha simu, Ingrid anatabasamu, mimi na Kiingereza changu cha kazini nazungumzia upepo wa asubuhi wa Bridgetown kana kwamba umenipeperusha tangu utotoni. Wa kwanza kutoka msikitini walipotokea nikaweka kidole mdomoni kuwanyamazisha, wakacheka wakapita kimya. Kisha mama mmoja kwenye simu akauliza kama kweli watu wa huko humsalimu hata mgeni.

"Hapa," nikasema, na mkono nimeuweka kifuani, "salamu haipiti bila kujibiwa."

"Asalaam aleikum."

Alikuwa Maalim, amesimama hatua mbili nyuma ya simu, bakora mkononi, uso ameuelekeza kwangu. Nikaweka kidole mdomoni. Kidole, kwa mtu asiyeona! Akatoa salamu tena. Ndani nikamsikia Mama akisogeza kiti, kisha kimya, maana nilimkataza. Mara ya tatu Maalim aliitoa polepole, kama mtu anayejaribu ufunguo, akangoja kidogo, halafu akaendelea na safari.

Nilimwona akipita mlango wake. Hili nalisema wazi kwa sababu ndilo lenyewe: nilimwona, nikajua kwa nini, na bado nikasema sentensi tatu zaidi kuhusu soko la samaki la Bridgetown. Sentensi tatu nzima, mojawapo ikiwa na mzaha, na watu wakaucheka. Alipokata kona ya kuelekea Ndia Kuu, kwenye tuktuk na pikipiki, ndipo miguu ilipoamka yenyewe.

Nilikimbia na simu mkononi, kigoda chake kikining'inia, sikukumbuka kuizima, kwa hiyo wale watu wa laptop waliiona Kibokoni yote ikipita juu chini, vibaraza, paka, nguo za watu kwenye kamba. Kofia ilibaki kwenye kona. Kikoi kililegea mbele ya duka la vinyago la Ndia Kuu, ambako wenye maduka walikuwa wamekaa nje kama kawaida yao (ndiyo chanzo cha ile habari).

Maalim alikuwa hapo hapo dukani. Alikuwa ameshika bega la askari wa mbao aliyesimamishwa barazani, mrefu kama mtu, na anamwuliza kwa adabu, "Yakhe, hapa ni kwa nani?" Askari kimya. Nikafikiri, tumeshakuwa wawili tusiomjibu.

"Waaleikum salaam, Maalim," nikasema, nikihema.

Akageuka. "Ni weye, Nasoro?"

"Ni miye."

"Nalikupa salamu kule?"

"Ulinipa. Mara tatu."

"Ukasikia?"

Wenye maduka wote walikuwa wakinitazama. Ningeweza kusema nilikuwa ndani, angeniamini.

"Nilisikia, Maalim."

Akalipapasa tena lile bega la mbao, nadhani ndipo alipotambua ni kinyago. "Miye nalidhani mumehama," akasema.

Hapo simu ikazungumza. Ingrid, kwa upole wake ule ule, alikuwa anauliza hapo ni sehemu gani ya Bridgetown. Nikaiinua simu usoni, na hapo Ndia Kuu, mkono mmoja ukishika kikoi, nikamwambia hapo ni Mombasa, Bridgetown sijafika, na kibaraza kile ni cha mama yangu. Nikazima. Maalim, ambaye maishani mwake hakuwahi kukubali kushikwa mkono, alinyoosha wake, nikaushika, tukarudi nyumbani. Afadhali angenigombeza.

Ingrid aliniandikia barua fupi ya heshima, makala ikafutwa, na ajira ya kudumu sijaisikia tena. Mtaani mnaniita Bwana Karibiani na kunisalimu mara tatu tatu, nami naitika zote, nimestahili. Nimerudia kuandika miji, ila naandika ule niliofika tu, yaani huu, na nimeapa kila Alasiri laptop nitaifunga mpaka watu watoke msikitini. Kiapo hicho sitakivunja hata waniite kwa video kutoka wapi.

Lakini Maalim siku hizi akifika usawa wa kibaraza chetu husimama kwanza. Hugonga jiwe kwa bakora, akauliza, "Mupo?"

"Tupo, Maalim," nasema. Ndipo hutoa salamu, nami nikamjibu, naye akahesabu hatua zake tisa.

Vibaraza vingine vyote huvipa salamu moja kwa moja. Huuliza kwetu tu.