Mwalimu Aliyegawa Shamba la Mwenzake

Habari za kifo cha mwalimu wangu wa historia zilinikuta nyumbani Mumbuni, fundi akiwa juu ya paa anapigilia mabati. Simu ziliita asubuhi nzima, na kila aliyepiga alikuwa na neno moja tu mdomoni: mpatanishi. Tumempoteza mpatanishi. Kangundo imebaki yatima. Najua marehemu hasemwi vibaya, na wasomaji wa safu hii ni mashahidi kwamba nimewalilia humu watu wengi, wengine hata hawakustahili chozi. Huyu simlilii. Nimerudi kutoka mazikoni nikiwa na hasira kuliko nilivyokwenda, na nitaeleza kwa nini.

Darasani alikuwa hodari, hilo hakuna wa kumnyima. Tulipokuwa kidato cha tatu alituchorea ramani ya Ulaya ubaoni bila kutazama kitabu, akatufikisha Munich, mwaka mmoja kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Dikteta wa Ujerumani anataka kipande cha Chekoslovakia, anaapa kwamba ni hicho tu. Uingereza na Ufaransa, ambazo bado zilikuwa na makovu ya vita vilivyotangulia, zinaogopa kuzika vijana tena, zinakubali. "Na mwenye nyumba yuko wapi?" Mwalimu aliuliza. "Nje ya mlango!" tulijibu kwa pamoja, kwa maana wajumbe wa Chekoslovakia hawakuruhusiwa kuingia kwenye kikao kilichokata nchi yao. Kisha akafuta kwa kidole gumba ile milima ya mpakani, akatueleza kwamba ngome za nchi hiyo zilikuwa huko. Miezi michache baadaye nchi iliyobaki haikuwa na pa kujikingia, ikamezwa. Kando yangu dawatini alikaa msichana mmoja mwenye mwandiko mzuri, akasikiliza yote hayo kwa makini kunishinda.

Msichana huyo sasa ni mjane. Ana shamba la kahawa na machungwa aliloachiwa na mumewe, linaloteremka kwa matuta mpaka kijitoni. Jirani yake ni tajiri aliyerudi kutoka Nairobi na trekta na tamaa. Huku kwetu mpaka ni mstari wa makonge, na kila mtu anaujua. Msimu mmoja makonge yalionekana yamehamia ndani ya shamba la mjane, yakachukua tuta zima la chini, lile linalopakana na maji. Akapeleka malalamiko kwa nzama, baraza letu la wazee, na mwenyekiti wake alikuwa Mwalimu, ambaye alikuwa amestaafu. Jirani alileta mbuzi. Wazee wakala, wakatembea shambani, wakasikiliza pande zote mbili kana kwamba zilikuwa na haki sawa, kisha Mwalimu akatoa hukumu iliyomjengea jina: tugawe katikati. Nusu ya tuta irudi kwa mama, nusu abaki nayo jirani, ili watu waishi kwa amani. Nusu aliyobaki nayo jirani ndiyo iliyokuwa na maji.

Msimu uliofuata makonge yakahama tena, na mbuzi mwingine akachinjwa. Ukimpa shubiri huchukua pima, jambo hilo hata mtoto analijua, lakini mwenyekiti alisimama na fimbo yake akapima nusu nyingine. Nilikuwepo siku hiyo. Mjane alijifunga leso vizuri kiunoni, akasimama.

"Mwalimu, nusu ya nini? Hiyo yote ni yangu. Huyu akileta makonge mpaka kwa mlango ya jikoni, mtagawa jikoni pia?"

"Mwaitu, tulia," Mwalimu alimwambia, akitumia lile neno letu la kumheshimu mama. "Wewe ni mtu wa kanisa. Hiki ni kipande kidogo tu. Unataka watu waumizane juu ya udongo?"

"Wale wenye nchi kule Munich waliachwa nje ya mlango, si ni wewe ulitufundisha? Mimi niko hapa ndani na bado hamnisikii."

Wazee wakacheka. Mwalimu hakucheka, wala hakubadilisha neno. Wengine pale walikuwa wameshiba nyama na hawakujua historia. Yeye aliijua, na ndiyo maana simsamehe.

Sisemi kwamba kila suluhu ni woga. Kuna ugomvi wa kugawa katikati kweli, pale ambapo kila upande una dai la haki na mpaka haujulikani. Huu ulijulikana. Ukigawa katikati ya mwizi na mwenye mali, mwizi ndiye aliyefaidi, na atarudi kwa sababu wewe umemwonyesha njia. Ushahidi ulikuja haraka, kwani tajiri yule alijaribu mchezo huo huo kwenye shamba la Mwalimu, linalopakana na lake upande wa pili. Lo! Nzama haikuitwa wala mbuzi hakuonekana. Wanawe waliyang'oa makonge kabla ya chai ya asubuhi, mpima ardhi akaletwa kutoka Machakos mjini, na tajiri akaja mwenyewe kuomba radhi, ati vibarua walikosea. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Kumbe mtu yule alikuwa wa kurudi nyuma siku zote, akikutana na mtu wa kumzuia.

Sasa nikisikiliza taarifa za dunia redioni, namsikia Mwalimu. Urusi ilipoitwaa Crimea kutoka kwa Ukraine, mataifa makubwa yalinung'unika, yakaweka vikwazo vya hapa na pale, yakaendelea kununua gesi. Baadaye vikaja vifaru. Leo wapo waheshimiwa, walioketi mbali sana na mizinga, wanaoishauri Ukraine iachie majimbo kadhaa ili dunia ipumzike, na wanauita ushauri huo busara. Kipande kidogo tu, mwaitu, tulia. Mtu aliyechoka kuzika watoto wake anaweza kukubali mkataba mchungu, na mimi sitamlaumu, lakini uamuzi huo ni wake. Sisi Waafrika, tunaoishi ndani ya mipaka tuliyochorewa na wengine, tungekuwa wa kwanza kuogopa dunia ambamo mpaka humfuata mwenye trekta.

Mazikoni tajiri alikuwa ametoa fahali. Akapewa kipaza sauti, akasema marehemu alimfundisha kuishi vizuri na majirani. Tulipokuwa tukiimba, vibarua wake walikuwa wakipanda makonge mapya katikati ya kahawa ya mjane, karibu kabisa na nyumba yake. Habari zilitufikia kabla ya chakula. Mzee anayetajwa kuwa mwenyekiti mpya akamshika mjane mkono. "Mama, ngoja kwanza tumalize matanga. Tutakaa chini, tuangalie vile tutagawa."

Mjane akaondoka kwenda shambani kwake, nami nikamfuata. Nilimkuta ameinama na jembe, anang'oa mche mmoja baada ya mwingine na kuurusha barabarani. Nilivua koti, nikanyoosha mkono nimpokee lile jembe, akakataa.

"Kung'oa naweza. Wewe simama tu hapo juu, mahali atakuona."

Nilisimama. Wakaja majirani wawili, kisha kina mama watatu wa kanisa wakiwa bado na vitabu vyao vya nyimbo, nao wakasimama. Tajiri alifika, akashusha kioo cha gari, akatutazama mmoja mmoja, akageuza. Atarudi, sina shaka, na nzama itataka kukaa. Lakini siku hiyo nilijifunza kitu ambacho Mwalimu hakutufundisha: anayenyang'anywa hahitaji mtu wa kumpimia hasara yake kwa upole. Anahitaji watu wa kusimama upande wake wakati shamba bado lipo.