Tumbaku ya Nthoki Haiunguzi Ulimi

"Toa ulimi niuone!" Nthoki alimwamuru Mzee Wekulo.

"Sitoi! Hapa si kliniki. Tumbaku yako imenichoma, Mama Kavinya, na nikitoka hapa naenda kununua ya kule Pipeline."

Niliacha kuchambua sukuma wiki. Ya Pipeline! Afadhali Mzee Wekulo angemtukana. Jirani yangu Nthoki, ndiye huyo Mama Kavinya, anauza tumbaku ya kiko mlangoni kwake hapa Mbotela mwaka wa arobaini na moja sasa, na hajawahi kurudishiwa hata punje. Moshi wake ni laini. Kuna mzee wa Mukuru kwa Njenga aliuvuta akalala akitabasamu, akaamka siku ya tatu akauliza kama mvua imeisha. Nilimwona kwa macho yangu haya, na mvua yenyewe ilikuwa haijaanza.

Alifundishwa na nyanya yake huko Mwingi. Majani anayanyunyizia maji ya sukari guru, anayafunika kwa gunia siku mbili, kisha anayaanika kivulini, juani kamwe. Shule hakuenda, kama mimi, lakini kiganja chake kinashinda mizani.

"Lete hiyo tumbaku."

Wekulo akatoa mkebe. Nthoki akachota, akakunja ngumi, akaifungua. Tumbaku ilibaki donge, kama ugali wa jana. Akainusa.

"Mzee Wekulo, hii inanuka dhania."

"Dhania?"

"Na samaki. Ilikuwa wapi?"

Mzee akatazama viatu vyake. "Kwa friji. Ni Tiffany, bibi ya kijana wangu. Ati isiharibike."

Nilicheka mpaka sukuma ikamwagika.

"Basi imekunywa maji yote ya friji yenu! Ukiiwasha hivi unavuta mvuke wa moto. Unajichemshia ulimi, halafu unakuja kunisumbua mimi!"

Nthoki akaitandaza kwenye sinia, kivulini. Tukanywa chai, tukaongeza nyingine. Alipoipima tena ilifunguka taratibu kiganjani, haikuganda wala kuvunjika. Akaifikicha, akajaza kiko: chini kwa mkono mwepesi, juu akakaza kidogo.

"Vuta polepole, baba. Hakuna anayekukimbiza."

Wekulo akavuta, akafumba macho. Moshi ulitoka mwembamba, ukapanda, na naapa paka wa jirani yetu Gachanja alikaa kitako kuutazama, akasahau kwamba nilikuwa nikimfukuza kwa mwiko.

"Mama Kavinya," akasema mwishowe, "Pipeline wakae na yao. Nipimie mkebe mwingine."

Nthoki alikaza leso yake kiunoni polepole, kama bibi harusi, akanitazama niseme mimi. Nikasema kwa sauti, ploti nzima isikie, kwamba Nairobi hii hakuna mwingine!

"Lakini huyo Tiffany," Wekulo akaendelea, hasira zikimpanda, "kulaza tumbaku ya mzee na samaki! Leo nikifika nyumbani atanijua mimi ni nani. Nitamwambia mbele ya mume wake kwamba—"

"Hodi," Tiffany akasema, na tayari alikuwa ndani ya ploti, amesimama nyuma ya mzee.